Habari za LUKU: Kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu hadi Mabadiliko ya Mita ya Mwaka 2024

I. Bwawa na umeme wake

Mito miwili hukutana katika Bwawa la Nyumba ya Mungu: Mto Kikuletwa, uletao maji ya Meru na Kilimanjaro, na Mto Ruvu, utokao Ziwa Jipe na kupita chini ya milima ya Upare ya kaskazini. Maji yao yatokapo bwawani huitwa Mto Pangani, nao hushuka kando ya nyika ya Same, ukapita Korogwe na Hale, hata ukaingia Bahari ya Hindi. Bwawa lenyewe lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, mahali ambapo leo hukutana wilaya za Mwanga, Moshi na Simanjiro. Jina lake ni Kiswahili kitupu cha maneno matatu, katika nchi ambayo wenyeji wake husema Chasu, Kigweno, Kichaga na Kimaasai.

Hapo kwanza kazi kubwa ya bwawa ilikuwa kuyatuliza maji ya mto, yasije mengi mno wakati wa masika wala machache mno wakati wa kiangazi, kwa faida ya mashamba na ya mitambo ya umeme iliyo chini yake. Mtambo wa Maporomoko ya Pangani ulikuwapo tangu mwaka 1936, na ule wa Hale ulianza mwaka 1964. Mwaka 1968 Nyumba ya Mungu yenyewe ikaanza kutoa umeme, megawati 8, na mwaka huo huo kampuni ya TANESCO iliyokuwa na jina la Tanganyika ikachukua jina la Tanzania. Megawati 8 ni kitu kidogo zikilinganishwa na megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme Februari 2024; lakini katika siku zake zilikuwa na uzito.

Historia ya umeme kwa kawaida huandikwa kwa kuhesabu mabwawa na megawati. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanashika uzi wa umeme kutoka bwawani hadi ukutani mwa nyumba, pale palipo na mita, na yanaeleza jinsi shirika moja lilivyoweza kubadilisha mambo yaliyo ndani ya mamilioni ya vyombo vilivyotawanyika nchi nzima, bila ya mafundi wake kuvigusa vingi vya vyombo hivyo. Jambo hilo lilitendeka mwaka 2024, na kwa sehemu kubwa lilitegemea lugha.

II. Kulipa baada na kulipa kabla

Kwa miaka mingi mita ilikuwa chombo cha kuhesabu tu. Msoma mita alipita nyumba kwa nyumba akaandika hesabu, ofisi ikatoa ankara, na mwenye nyumba akalipa au asilipe. Asiyelipa alifuatwa na fundi wa kukata waya. Utaratibu huo ulikuwa na taabu pande zote mbili: shirika lilidai madeni yasiyolipika, na mteja alilalamikia ankara zilizotungwa kwa makisio wakati msoma mita alipokuta mlango umefungwa. Katika vijiji vya milimani, ambako nyumba zimetengana kwa makorongo na migomba, safari moja ya kusoma mita ilikuwa kazi ya siku nzima.

Katika miaka ya 1990 TANESCO ilianza kufunga mita za namna nyingine, na utaratibu wake ukapewa jina la LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mpango wenyewe ulikuwa kinyume kabisa cha ule wa ankara: fedha hutangulia na umeme hufuata. Hapa pana jambo la kuwavutia wanaochunguza lugha. Maneno manne yaliyofupishwa ni amri iliyotolewa kwa mtu mmoja, yenye kirejeshi cha namna, -vyo, mwishoni. Lakini amri hiyo yasema hulipwa kwa kiasi cha matumizi, hali kwa kweli mteja hulipa kabla ya kutumia. Ukweli wa biashara na maana ya sentensi haukulingana, wala hakuna aliyejali, kwa sababu kifupi kilikuwa kitamu mdomoni.

Baada ya muda LUKU iliacha kuwa sentensi ikawa nomino ya ngeli ya i-/zi-, na maana yake ikasafiri hatua kwa hatua. Kwanza ilikuwa jina la utaratibu. Kisha ikawa jina la chombo chenyewe, watu wakasema, "Tumefungiwa LUKU." Halafu ikawa jina la kitu kinunuliwacho: "Ninunulie LUKU ya elfu tano." Mwisho ikawa jina la umeme uliobaki: "LUKU imeisha." Huko Zanzibar mita za namna hiyo zilipewa jina la TUKUZA, na Uganda zikaitwa Yaka. Kenya watu huita umeme stima, neno lililotokana na mvuke wa Kiingereza, na kile kinunuliwacho hukiita tokeni. Neno umeme nalo lilikuwa la radi kabla ya kuwa la waya. Basi katika nchi zilizo jirani chombo ni kile kile, lakini kila mahali kimezaa msamiati wake.

III. Tarakimu ishirini

Ili kufahamu yaliyotokea mwaka 2024, hapana budi kueleza jinsi mita hiyo ifanyavyo kazi. Kanuni zake zilianzia Afrika ya Kusini, zikakubaliwa baadaye kuwa kanuni za kimataifa. Mteja anunuapo umeme hupewa tarakimu 20. Zamani alizipata katika karatasi dukani kwa wakala. Tangu kuenea kwa malipo ya simu za mkononi, yaliyoanza Tanzania mwaka 2008, wengi huzipata kwa ujumbe wa simu. Huzibonyeza katika mita, au katika kile chombo kidogo cha ndani kinachoitwa rimoti endapo mita iko juu ya nguzo, na umeme huongezeka.

Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba mita hiyo haisemi na mtu. Hakuna waya wa habari baina yake na ofisi, wala haina njia ya kujibu. Ofisi yaweza kumpelekea mita agizo kwa njia moja tu, nayo ni tarakimu zibonyezwazo na mkono wa mtu. Ndani ya tarakimu hizo, kwa maandishi ya siri, mna kiasi cha umeme kilichonunuliwa na namba ya wakati ambapo tokeni ilitolewa. Kila mita ina ufunguo wake wa siri, usiofanana na wa mita nyingine yoyote. Kwa hiyo tarakimu zilizotolewa kwa nyumba moja hazifai kitu katika nyumba ya jirani. Tena mita huhifadhi kumbukumbu ya namba za wakati za tokeni ilizokwisha kupokea, ili mtu asitumie tokeni moja mara mbili. Ikiletewa tokeni ambayo namba yake ni ya zamani kuliko zote zilizo katika kumbukumbu hiyo, huikataa.

Utaratibu huu ulifaa sana nchi yenye vijiji vilivyo mbali. Baada ya sheria ya nishati vijijini ya mwaka 2005 kuundwa, na Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi, nguzo zilipanda milima ambayo hapo zamani haikudhaniwa. Mita iliyofungwa Usangi, Suji au Chome haikuhitaji msomaji wala mkataji. Mtoto aliye Dar es Salaam aliweza kuwanunulia wazazi wake umeme na kuwapelekea tarakimu kwa simu. Mjukuu akazisoma kwa sauti na bibi akazibonyeza, au kinyume chake.

IV. Hesabu ya dakika

Namba ile ya wakati ndiyo iliyoleta shida. Waliotunga kanuni waliamua kuhesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na wakaitengea hesabu hiyo nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo hutosha dakika 16,777,216 na hapana zaidi. Ukizigawa kwa siku utapata siku 11,650 na sehemu ya siku, yaani miaka 31 na miezi karibu 11. Hivyo hesabu ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024, kisha irudi sifuri.

Madhara yake ni rahisi kufahamu. Tokeni iliyotolewa baada ya siku hiyo ingekuwa na namba ndogo, na mita, isiyokuwa na kalenda yake yenyewe, ingeiona kuwa ni tokeni ya kale. Ingeikataa. Mteja angekuwa amelipa, ofisi ingekuwa imepokea, na nyumba ingebaki gizani. Hapakuwa na kitu kilichoharibika. Mita nzima ilikuwa salama, lakini ingekuwa imefungwa kwa hesabu. Jambo hili halikuihusu Tanzania peke yake. Lilizihusu mita za makumi ya milioni katika nchi nyingi za Afrika, Asia na kwingineko, kwa siku ile ile moja.

Tatizo la namna hii si geni katika historia ya kompyuta. Mwishoni mwa mwaka 1999 ulimwengu ulihangaika kwa sababu programu nyingi ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na tarehe 19 Januari 2038 yangojewa na mifumo inayohesabu sekunde tangu mwaka 1970. Katika hali zote tatu watungaji walibana nafasi kwa sababu nafasi ilikuwa ghali, na hawakutazamia kwamba kazi ya mikono yao ingedumu muda mrefu hivyo.

V. Njia tatu za kupeleka agizo

Shirika lenye vyombo vingi, likitaka kubadilisha yaliyo ndani yake, lina njia tatu. Ya kwanza ni kumpeleka fundi kwenye kila chombo. Njia hii ni ya hakika, lakini ni ya gharama na ya polepole; kwa mamilioni ya mita ni sawa na kumrudisha msoma mita aliyekwisha kuondolewa. Ya pili ni kupeleka badiliko kutoka makao makuu kwa waya au kwa hewa, kama afanyavyo mwangalizi wa kompyuta za ofisi anapotandaza programu mpya katika mashine zote usiku mmoja, au kama simu za mkononi zipokeavyo mabadiliko wenyewe wamelala. Njia hii ni ya haraka, lakini hutaka chombo chenye masikio, na mita za LUKU nyingi hazina. Ya tatu ni kumkabidhi mtumiaji agizo, naye alitimize kwa mkono wake.

Yafaa kutofautisha pia mabadiliko ya chombo na mabadiliko ya kituo. Agosti 2021 serikali ilipoanza kutoza kodi ya majengo kwa njia ya LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, mita hazikuguswa hata moja. Kodi ilikatwa kituoni kabla ya tarakimu kutolewa. Hali kadhalika Mei 2021, mauzo ya LUKU yalipopata hitilafu kwa siku kadhaa, mita zilikuwa nzima na ugonjwa ulikuwa kituoni. Badiliko la mwaka 2024 lilikuwa la aina nyingine: kituo peke yake hakikuweza kulimaliza.

Wapare wana mfano wa kale wa kazi ya namna hii. Katika milima yao na katika mabonde ya chini, kama Bangalala katika bonde la Makanya, maji ya mifereji hukusanywa usiku katika bwawa dogo liitwalo ndiva, na asubuhi hufunguliwa yakaenda mashambani kwa zamu. Ndiva ni moja na msimamizi wake ni mmoja, lakini kazi haikomi pale lango lifunguliwapo. Kila mwenye zamu sharti awepo shambani, afungue mfereji wake na kuuziba wa jirani. Asiyekuwapo, maji humpita. LUKU nayo, katika mwaka ule, ilihitaji kila mwenye mita awepo kwenye zamu yake.

VI. Kazi ya mwaka 2024

Dawa iliyowekwa na kanuni ilikuwa kuibadilishia kila mita ufunguo wake. Ufunguo mpya ulifungamanishwa na mwanzo mpya wa hesabu, yaani tarehe 1 Januari 2014, na mita ilipoupokea ilifuta kumbukumbu ya namba za zamani. Ufunguo haukuweza kuingia katika tokeni moja, hivyo uligawanywa nusu mbili, kila nusu katika tarakimu zake 20. Nusu hizo zilifichwa kwa ufunguo wa zamani, ili asomaye njiani asipate kitu. Na kwa kuwa kila mita ina ufunguo wake, haikuwezekana kutangaza tarakimu hizo redioni au kuzibandika ukutani mwa ofisi ya kijiji. Kila mita ilihitaji jozi yake yenyewe.

TANESCO iliendesha kazi hiyo katika nusu ya pili ya mwaka 2024, bila malipo, na mwisho wake ukawa siku ile ya 24 Novemba. Werevu wa utaratibu ulikuwa katika kutumia safari iliyokuwapo tayari. Mteja alipokwenda kununua umeme kama kawaida, alipata makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Kundi la kwanza na la pili lilikuwa ufunguo. La tatu lilikuwa umeme alioununua. Mahitaji ya umeme yenyewe ndiyo yaliyokuwa mjumbe, kwa maana mtu asiyenunua umeme mwezi huu huenda akanunua mwezi ujao.

Lakini utaratibu ulikuwa na masharti mawili yasiyokubali kosa. La kwanza ni mpangilio: kundi la tatu lilifichwa kwa ufunguo mpya, kwa hiyo likiingizwa kwanza mita hulikataa. La pili ni akiba: aliyekuwa na tokeni ya zamani ambayo hajaiingiza ilimpasa aiingize kabla ya kubadilisha ufunguo, kwa sababu baada ya hapo mita isingeweza kuisoma. Umeme uliokuwa umekwisha kuingia haukupotea.

Mtu wa mjini mwenye simu yenye kioo kikubwa aliyamaliza hayo kwa dakika chache. Haikuwa hivyo kwa kila mtu. Mzee mwenye macho hafifu, aliyezoea kusomewa tarakimu 20, sasa alisomewa 60 kwa makundi ambayo hayawezi kubadilishana nafasi. Mpangaji aliyenunua umeme kwa namba ya mita ya mwenye nyumba, mlinzi wa nyumba iliyofungwa, msimamizi wa pampu ya kijiji: kila mmoja alikuwa kwa saa moja mtumishi wa shirika, pasipo ujira na pasipo mafunzo. Mita zilizokataa, zikiwamo zilizokuwa za zamani mno, zilimrudia fundi, na hapo njia ya kwanza ikaisaidia ya tatu. Hivyo gharama haikuondoka. Ilihama kutoka kwa shirika ikagawanywa kwa wateja, kidogo kidogo, na zaidi kwa wale wasioweza kusoma vizuri.

VII. Jina la jambo

Kazi iliyokabidhiwa watu wote hutegemea maelezo, na maelezo hutegemea maneno. Tangazo la Kiswahili liliita kazi hiyo maboresho ya mita. Kuboresha ni kukifanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Aliyesikia neno hilo aliweza kudhani kwamba mita yake ya sasa inafaa, na kwamba jambo bora zaidi laweza kungoja. Hapakuwa na kitu katika neno hilo cha kumjulisha kwamba mita isiyoshughulikiwa ingekoma kupokea umeme. Tena uboreshaji huzua shaka: mwenye nyumba aliyeona kodi ikiingia kwa mlango wa LUKU mwaka 2021 hakuwa na kosa kuuliza bora hiyo ni kwa faida ya nani.

Kiswahili kilikuwa na maneno mengine mawili. Moja ni sasisha, lililoundwa kutokana na sasa na kuenea kwa njia ya simu na programu za kompyuta. Neno hili lina unyofu, lakini lilizaliwa mezani na halijafika katika kila nyumba. Jingine ni huisha, lenye asili ya uhai, litumikalo kwa leseni na uanachama uliokwisha muda. Hili lilikaribia zaidi hali ya mambo. Kinachohuishwa ni kitu kilichokuwa hai na ambacho kitakufa kisipohuishwa. Nayo ndiyo iliyokuwa hali ya mita. Mtu aliyekwisha kuhuisha leseni ya biashara anajua pasipo kuelezwa kwamba kuna tarehe, na kwamba baada ya tarehe kuna hasara.

Wataalamu wa lugha wamepata kushughulika na mambo ya kompyuta kabla ya hapo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, na kazi hiyo ilitaka msamiati mwingi uundwe au uteuliwe. Msamiati huo ulimlenga mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Mita ya LUKU ilionyesha kwamba kompyuta iliyomo katika nyumba nyingi za Watanzania haikuwa na meza wala kiti, nayo husemwa kwa tarakimu tupu. Kwa wengi, maagizo ya mwaka 2024 yalikuwa mara ya kwanza kuamrishwa kubadilisha mambo ya ndani ya chombo cha kompyuta, na maagizo hayo yalipitia katika Kiswahili cha ujumbe mfupi wa simu.

VIII. Yaliyobaki

Siku ya 24 Novemba 2024 ilipita. Katika Bwawa la Nyumba ya Mungu maji yanaendelea kupata kazi nyingine juu ya ile ya umeme: Machi 2025 ulizinduliwa mradi mkubwa unaochukua maji ya bwawa hilo na kuyapeleka Mwanga na Same, penye kiu ya miaka mingi. Kule bwawani kila badiliko lina mahali pake na mhandisi wake. Kwenye mita badiliko lilikuwa na mamilioni ya mahali, na katika kila mahali mtu mmoja mwenye kidole na karatasi.

Hesabu mpya iliyoanzia 2014 nayo ina nafasi ya biti 24 zile zile. Itajaa tarehe 24 Novemba 2045. Huenda mita za siku hizo zikawa na masikio, zikapokea agizo pasipo mtu kujua. Zikibaki zisizosikia, watu wa Usangi na Chome watapewa tena makundi ya tarakimu, na wakati uliopo wa kuchagua neno la kuwaeleza jambo hilo ni mrefu kuliko ule uliokuwapo mwaka 2024.